Kengele niliyoizima

Najua nimepotea. Testi zimefuatana kama mabehewa ya TAZARA, na bumu nalo mnajua lilivyotuzungusha muhula huu. Ila leo nimeweka desa pembeni, niandike jambo ninalotembea nalo moyoni tangu Februari. Ni refu kidogo. Wenye haraka ruhusa, wengine vuteni kiti.

Nianze kwa kukiri: kengele niliizima mimi.

Ilikuwa likizo ya Krismasi, nyumbani Ndandalo, Kyela. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa amenunua Noah ya mkono wa pili kutoka Japani, ya kupakia abiria Kyela na Mbeya. Kila akiiwasha, dada wa Kijapani anaongea. Huyo tumeshamzoea, yumo kwenye magari kibao ya nchi hii, na anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijawekwa (abiria wengine wanadhani anawakaribisha!). Lakini Noah ya mjomba ilikuwa na zaidi. Ukikanyaga mstari wa barabara bila kuwasha indiketa, inalia pi, pi, pi. Ukimsogelea sana wa mbele yako, inapiga kelele ya aina nyingine.

"Mjomba," akaniambia (huwa tunaitana hivyo hivyo, mimi mjomba na yeye mjomba), "si uko chuo kikuu wewe? Hebu inyamazishe hii. Abiria wananiuliza kama gari ni bovu."

Nikatoa simu, nikaelekeza kamera kwenye maandishi ya Kijapani, simu ikatafsiri. Nikashika kitufe kwenye usukani mpaka kataa kadogo ka rangi ya chungwa kakawaka. Haikuchukua dakika tatu. Mjomba akacheka, akaniita injinia mbele ya watu. Mimi nasoma Historia, wadau, lakini siku ile uinjinia niliupokea.

Februari, saa nne usiku, mjomba alikuwa anashuka kutoka Mbeya. Ilikuwa mara yake ya pili kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na usukani alikuwa nao tangu saa kumi na moja alfajiri. Mnaoijua ile njia mnaelewa. Isyonje baridi na ukungu, Tukuyu bado uko juu zaidi ya mita 1,500, halafu unaanza kuteremka kuelekea ziwani kwenye mita kama 500 na joto linakupokea taratibu kama blanketi. Alisinzia kabla ya kufika Ushirika. Gari likaacha barabara, likaingia kwenye migomba. Mungu ni mkubwa, hakufa mtu. Mama mmoja jirani yetu, aliyekuwa anatoka kumuuguza mwanawe Mbeya, alivunjika mguu.

Mama aliponipigia simu, wazo langu la kwanza halikuwa la kujivunia. Nilijiuliza: anajua kwamba niliizima mimi?

Tangu hapo nimekuwa nasoma, maana ndiyo kazi pekee ninayoiweza. Nilikuwa na swali moja tu: ile kengele ingemwamsha? Nikajikuta narudi nyuma mpaka kabla ya kengele zenyewe kuwepo.

Utingo

Babu yangu mzaa mama alikuwa utingo wa lori miaka ya 1970. Historia ya lile lori mnaifahamu. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa kikaburu kule Rhodesia, Zambia ikabanwa kusini, mafuta yake yakaanza kupitia Dar. Malori yalipita kwenye njia ya vumbi na tope mpaka Tunduma, Wazungu wakaiita njia ya jehanamu. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975.

Babu anasema kubadili tairi na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu mlimani haikuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuwa kuongea. Utingo alipaswa kumpigisha dereva stori usiku kucha, kumuuliza habari za wake zake, kumwimbia, kumbishia mambo ya mpira hata kama hajui mpira. Tajiri wake alimwambia siku ya kwanza: "Dereva akilala, aliyelala ni wewe."

Kwa hiyo mfumo wa kumweka dereva macho tulikuwa nao, na ulikuwa unakula ugali. Faida yake ni kwamba utingo hakusubiri gari likanyage mstari. Alikuwa anaiangalia shingo ya dereva na kusikia majibu yanavyofupika. Udhaifu wake ni kwamba naye alichoka, na pia alikuwa mdogo. Nilimuuliza babu kama aliwahi kumwamuru dereva asimamishe gari. Alinishangaa. "Mimi? Nimwamuru dereva?"

Lishikeni hilo, nitalirudia.

Mguu wa marehemu

Waliotangulia kutaka mashine ifanye kazi ya utingo walikuwa watu wa reli. Treni za umeme zilipoanza kuendeshwa na mtu mmoja Ulaya na Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, liliibuka swali la wazi: huyo mmoja akizimia je? Wakabuni mpini, na baadaye pedali, ambayo dereva lazima aibane muda wote. Akiiachia, treni inajifunga breki yenyewe. Wazo zuri kabisa.

Sasa nendeni Waterfall, kusini mwa Sydney, Australia, tarehe 31 Januari 2003. Dereva alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa kazini. Treni ilipaswa kusimama. Haikusimama, kwa sababu uzito wa mguu wake ulitosha kuendelea kuibana pedali. Treni ilikimbia mpaka ikaruka reli kwenye kona, wakafa watu 7 pamoja na dereva mwenyewe. Kifaa kilikuwa kinauliza "kuna uzito hapa?" wakati sisi tulidhani kinauliza "kuna mtu aliye macho hapa?"

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kunywa chai. Maana hilo ndilo tatizo lote, na kila kifaa kilichofuata kimelirudia kwa namna yake.

Kipofu na saa

Kifaa cha kushika mwendo wa gari bila kukanyaga mafuta kilibuniwa na Mmarekani Ralph Teetor, injinia aliyepoteza macho akiwa na miaka 5. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipanda gari la wakili wake, na wakili kila akianza kuongea anapunguza mwendo, akinyamaza anaongeza, gari linakwenda kwa kushtukashtuka. Teetor akachoka. Hataza yake ilitolewa 1950, na kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari yenye kifaa hicho 1958.

Miaka ile ile, Uingereza, mwanasaikolojia Norman Mackworth alikuwa anashughulikia jambo jingine. Wakati wa vita askari wa anga walikaa saa nyingi wakitazama rada, wakisubiri alama ndogo itokee, na walikuwa wanaikosa. Mackworth akawakalisha watu mbele ya saa yenye mshale unaoruka hatua moja moja. Mara chache sana unaruka mbili kwa mpigo, na mtu lazima aseme. Matokeo aliyoyachapisha 1948 yalionyesha kwamba umakini ulishuka baada ya nusu saa tu ya kwanza. Na hao hawakuwa wazembe. Binadamu hakuumbwa kukaa anasubiri jambo ambalo karibu halitokei.

Weka Teetor na Mackworth pamoja, uone. Mmoja anampunguzia dereva kazi. Mwingine anatuambia kwamba mtu asiye na kazi, aliyeachiwa kuangalia tu, ndiye anayesinzia. Ukimsaidia dereva sana, unampa kazi ngumu kuliko ile uliyomwondolea.

Gavana

Turudi nyumbani. Miaka ya 1990 ajali za mabasi zilipozidi, serikali yetu iliagiza mabasi yafungwe spidi gavana. Kifaa kinabana mafuta gari likifika mwendo uliowekwa, na sheria ya mabasi ni kilomita 80 kwa saa. Wakenya nao wakaja na kanuni za waziri John Michuki, zilizotangazwa 2003 na kuanza kazi Februari 2004: gavana ya kilomita 80, mikanda, na ule mstari wa njano ubavuni mwa matatu.

Gavana ina mipaka miwili. Kwanza, inabana mafuta, haikanyagi breki. Kwenye mteremko kama wa Kitonga basi linasukumwa na uzito wake, gavana haina la kusema. Pili, fundi aliyeifunga ndiye huyo huyo anayejua kuifungua. Waya ukichomolewa, trafiki barabarani anaona boksi liko mahali pake, anaandika "ipo."

Na tusiwalaumu madereva peke yao. Miaka hiyo hiyo ya 1990 mabasi yalikatazwa kusafiri usiku kucha. Sasa pigeni hesabu. Kyela mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 900. Kwa kilomita 80 bila kusimama popote ni zaidi ya saa 11. Ongeza vijiji vya spidi 50, mizani, hifadhi ya Mikumi, chakula na abiria wa njiani. Dereva anaambiwa usikimbie, na anaambiwa ufike kabla ya muda wa kusimamishwa. Kifaa kinamvuta huku, ratiba inamvuta kule, na tajiri yuko kwenye simu. Mtu wa namna hiyo akikuta waya wa kuchomoa, unadhani atafanya nini?

Katazo hilo lilikuja kuondolewa 2023, Waziri Mkuu Majaliwa alipotangaza bungeni kwamba mabasi yaruhusiwe saa 24. Lakini kabla ya hapo kilikuwa kimeingia kifaa kingine.

Mlio wa kwenye basi

Hiki wote mnakijua. Kilianza enzi za SUMATRA na kuendelea chini ya LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Ni VTS, kile kifaa kinachosoma mahali basi lilipo na mwendo wake kwa setilaiti, kinatuma taarifa kwenye chumba cha kuangalizia, na basi likizidisha mwendo kinalia humo humo ndani abiria wasikie. Baadaye kikaongezwa kitufe cha kumtambua dereva, kila mmoja na chake, ili ijulikane nani ameshika usukani na kwa muda gani.

Kwa fikra, hiki ndicho kilicho bora kuliko vyote vilivyotangulia, kwa sababu moja: upande wa pili kuna mtu. Kengele inalia kwa dereva, kwa abiria na kwa mwangalizi mbali huko.

Kwa vitendo, ngoja niwasimulie. Nikirudi chuo mwaka wa kwanza, basi nililopanda (jina nalihifadhi) lilianza kulia tulipopita Makambako. Likalia weee. Dakika tano za kwanza watu wanatazamana. Baada ya hapo mzee mmoja akapaza sauti, "Konda, hebu zimeni hicho kidude, tunataka kulala!" Basi zima likacheka. Nami nilicheka. Nilikuwa siti ya tatu kutoka mbele, nina kinywa, nina simu, na kwenye tiketi kulikuwa na namba ya kupiga. Nikaweka visikilizio masikioni.

Kengele ilikuwa imefanya kazi yake. Aliyelala ni mimi.

Chungwa kwenye usukani

Msidhani haya ni ya kwetu kwa sababu ya umaskini. Marekani, tarehe 7 Mei 2016, dereva wa Tesla alikufa Florida akiwa ameliachia gari lijiendeshe kwa mfumo wa Autopilot, likapita chini ya tela la lori lililokuwa linakatiza barabara. Mfumo ule ulipima umakini wa dereva kwa kuhisi kama kuna mkono kwenye usukani. Watu wakagundua kwamba ukibana chungwa kwenye usukani, gari linaridhika. Chungwa, wadau! Ni mguu wa Waterfall kwa mara nyingine, tofauti ni kwamba safari hii mtu kauweka kwa makusudi.

Machi 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mama aliyekuwa anavuka na baiskeli. Ndani kulikuwa na mtu aliyelipwa kukaa macho. Uchunguzi ulikuta alikuwa anaangalia simu yake. Breki ya dharura iliyokuja na gari kutoka kiwandani nayo ilikuwa imezimwa, isigongane na mfumo wa Uber. Desemba 2023 Tesla ikalazimika kurekebisha magari zaidi ya milioni 2 Marekani ili Autopilot imbane dereva zaidi. Na Ulaya, tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa lazima liwe na kifaa cha kumuonya dereva anayesinzia.

Magari hayo ya Ulaya na Japani, miaka kumi ijayo, yatakuwa wapi? Yatakuwa kwetu, yanapanda Isyonje. Subaru walianza kuuza mfumo wao wa kamera Japani mwaka 2008, Toyota wakatoa wa kwao 2015, na hayo ndiyo yanayoshuka bandarini sasa. Yanakuja na kengele za lugha tusiyoisoma, bila kitabu cha maelekezo, na yanamkuta mtoto wa chuo mwenye simu.

Jibu

Je, ingemwamsha?

Kwa haki, huenda isingelia kabisa. Kamera yake inasoma mistari ya barabara, na vipande vingine vya njia yetu mistari imefutika. Mifumo mingi ya aina ile hailii ukiwa chini ya mwendo fulani, mara nyingi karibu kilomita 50 kwa saa. Kioo cha mbele kikibadilishwa bila kamera kupimwa upya, inaona ndivyo sivyo. Ningeweza kuishia hapo, nijisamehe, nirudi kwenye desa.

Lakini nikakumbuka Desemba. Nilikuwa nimekaa kando yake ilipokuwa inalia. Asubuhi ililia mara moja moja, kwenye kona. Jioni, kwenye kipande kilichonyooka, ilikuwa inalia kila baada ya muda mfupi. Mjomba alikuwa anakanyaga mstari kwenye njia iliyonyooka! Kengele ilikuwa inatuambia, miezi miwili kabla, kwamba huyu mtu amechoka, kwamba kwenda na kurudi mara mbili kwa siku ni nyingi. Sisi tukasikia kelele. Haikutuita kuja kuitengeneza, ilikuwa inatoa ushahidi. Nami nikamfukuza shahidi, nikapewa cheo cha uinjinia.

Pasaka nilienda nyumbani. Nilimwambia mjomba, nikategemea atanifokea. Akanyamaza muda, kisha akasema, "Mjomba, niliyekuwa nalala ni mimi. Nilikuwa nalijua hilo hata kabla hujaja." Kumbe aliwahi kuamka akiwa Kiwira hakumbuki alivyopita Isyonje, na hakumwambia mtu kwa sababu marejesho ya mkopo wa gari hayasubiri.

Tukaenda wote kwa yule mama jirani, mguu wake bado una plasta. Nikamweleza habari ya kengele, nikaomba radhi. Aliniangalia kama hanielewi.

"Mwanangu, mimi nilimwona anasinzia tangu Kiwira. Nilikuwa siti ya nyuma yake, namwona kwenye kioo. Niliona aibu kumwambia. Dereva mtu mzima, amenisaidia nauli mara ngapi, nimwambie asimame?"

Ni lile lile la babu: nimwamuru dereva? Kwenye Noah ile alikuwepo mtu aliye macho, aliyeona kila kitu dakika nyingi kabla ya migomba. Hakuna kamera ya Kijapani ingeona mapema kuliko yeye. Alichokosa ni ruhusa ya kusema. Kifaa chochote nilichosoma habari zake, kuanzia pedali ya treni mpaka VTS, kilisaidia pale tu alipokuwepo mtu wa kukijibu, asiyeogopa kukijibu.

Gari limetengenezwa, kengele nimeiwasha tena kwa vidole vile vile. Mjomba sasa anakwenda Mbeya na kurudi mara moja tu kwa siku, na hela imepungua, sitawadanganya. Nyuma ya siti yake mkewe amebandika karatasi kwa mwandiko wake: ABIRIA, UKIONA DEREVA ANASINZIA MWAMSHE. HAKASIRIKI.

Nimepanda nayo kurudi Mbeya, nimekaa mbele. Baada ya Tukuyu ikalia mara moja. Mjomba akanitazama, nikamtazama. "Nimekwepa shimo," akasema. "Sawa," nikamwambia, "lakini nimekuuliza." Tukacheka, na nikaendelea kumpigisha stori mpaka Uyole.

Mnaosafiri likizo hii, safari njema, na midomo msiifunge. Tuonane baada ya UE, Mungu akipenda bila sapu.